Unaesoma thamodainamiki, chora boksi kwanza

Naandika hii kwa ajili ya kijana wa jirani hapa Mkomani, kapata nafasi ya uhandisi wa kemikali chuo cha bara na juzi kanipigia simu ashaanza kulia na thamodainamiki, lile somo la joto, kazi na nishati. Namuelewa vizuri sana manake mie mwaka wa pili nilikula sapu kwa somo hilohilo, na si ati sikusoma, fomula zote nlikuwa nazo kichwani, lakini ukinipa swali sijui nianzie wapi.

Likizo ile nikarudi Lamu nikawa nashuka pwani kumsaidia ami yangu, yeye ni mvuvi, ana sanduku kubwa la faiba la kutilia barafu. Siku moja akanitazama akaniuliza, "Wewe si ndo wasoma mambo ya moto na baridi? Haya nambie, hawa changu kilo kumi wataka barafu kilo ngapi?" Nikaduwaa.

Nikatoa kalamu, nyuma ya boksi la sigara nikachora mraba. Ndani ya mraba samaki na barafu, nje jua na ulimwengu wote uliobaki. Hapo kichwa kikafunguka kidogo, kwa sababu kanuni ya kwanza yasema tu nishati haizuki wala haipotei, kwa hivyo joto linalotoka kwa samaki lazima lionekane limeingia mahali, na ndani ya mraba mahali penyewe ni barafu peke yake. Kilo moja ya samaki ukiishusha digrii moja watoa karibu kilojuli 3.6. Kilo 10 kutoka digrii 30 hadi 0 ni kilojuli 1,080. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka yameza kilojuli 334, na ikiwa yayeyuka haipandi joto hata kidogo, yakaa palepale kwenye 0, ndio mana barafu ni bora kuliko maji baridi. Gawanya, wapata kilo tatu na kitu.

Ami akacheka mpaka akakohoa. "Kilo tatu ni ya kufika hapo Shela tu. Mimi natia kilo kwa kilo."

Na alikuwa na haki. Mraba wangu niliuchora kama haupitishi joto, wake wapitisha, kifuniko chafunguliwa kila mara, jua la saa saba lapiga juu, na akitoka huenda akalala baharini. Hesabu haikuwa na kosa, mimi ndie niliesahau joto linaloingia kutoka nje. Tangu siku hiyo sianzi swali bila kuchora mpaka na kujiuliza nini chapita hapa, joto, kazi, au kitu chenyewe.

Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya wengi. Sanduku limefungwa, lakini kiwandani pampu na boila vitu vyaingia na kutoka muda wote, na kinachoingia lazima kisukume kilicho mbele yake, kama abiria pale jeti ya Mokowe boti ikifika. Huo msukumo ni nishati pia, ukiujumlisha na nishati ya ndani wapata enthalpia, H = U + PV, U ni nishati ya ndani, P ni shinikizo, V ni ujazo. Lekchara wangu aliiandika ubaoni akaendelea zake, mie nikakaa muhula mzima nikidhani ni herufi ya mapambo.

Alama za kujumlisha na kutoa: vitabu vingine vyahesabu kuwa ni ya kujumlisha kazi inayofanywa na mfumo, yaani vilivyo ndani ya mraba wako, vingine kazi unayofanyiwa mfumo. Chagua moja, iandike juu ya karatasi, usihame.

Kanuni ya pili nayo, ile ya kwamba injini haiwezi kugeuza joto lote kuwa kazi, iliniaibisha. Mhandisi Mfaransa Carnot alionyesha tangu 1824 kwamba injini ya joto ina kikomo, haijalishi umeiunda kwa ustadi gani. Boila iko kelvini 500, bahari kelvini 300 (kelvini ni selsiasi ukiongeza 273), gawanya 300 kwa 500 utoe kwenye moja, wapata asilimia 40 basi. Mimi kwenye mtihani nikatia selsiasi, 27 kwa 227, nikapata asilimia 88 na nikapiga mstari chini yake kwa fahari kabisa.

Na wakikuuliza friji iliyoachwa wazi ndani ya chumba kilichofungwa, chora mpaka kwenye kuta za chumba wala si kwenye friji. Kinachoingia ni umeme peke yake, hakitoki kitu, basi chumba chapata joto, hata kama mbele ya mlango wa friji wahisi baridi.

Mwisho, majedwali ya mvuke, yale ya namba za maji na mvuke kwa kila joto na shinikizo, yazoee mapema, haswa kutafuta namba iliyo baina ya mistari miwili, mie niliyafungua mara ya kwanza usiku wa kuamkia mtihani. Yangu bado yapo, nimeyatia plastiki lakini yanuka samaki, kijana akiyataka aje ayachukue kabla hajapanda boti.