Ukipanda mmea wa kikombe, chagua mahali kwanza

Hapa Des Moines, Iowa, majirani huuita mmea wa kikombe. Jina la kitaalamu ni Silphium perfoliatum. Ni jamaa ya alizeti, ila haupandwi kila mwaka: baridi ikiingia unakauka hadi chini, kisha mzizi uleule unachipua tena.

Niliupendea majani. Hutoka mawili mawili, vitako vyake vimeungana kulizunguka bua lenye pembe nne, kama viganja vilivyokinga maji. Mvua ikinyesha, maji yanatuama mle. Asubuhi moja ya Julai nilimwona chiriku wa manjano, ndege rasmi wa jimbo hili, ameng'ang'ania ukingo wa jani, anainama, anakunywa, anainua kichwa. Nilisimama pale mpaka chai yangu ikapoa. Nilikumbuka migomba ya kwetu Bukoba baada ya mvua.

Lakini niliupanda pabaya, chini ya dirisha la jikoni. Mwaka wa kwanza ulitoa majani machache tu ya chini, nikadhani umedumaa. Kumbe ulikuwa unajenga mzizi. Mwaka wa tatu ulipita mita 2, tukawa tunawasha taa mchana. Nikachukua jembe niuhamishe. Nilichimba hadi usawa wa magoti, mzizi bado unashuka. Nikaukata, na vipande vilivyobaki ardhini vikachipua upya.

Kwa hiyo upe kona yenye jua, mbali na ukuta na njia, uuachie kama mita moja kila upande. Mbegu zimwage Novemba kabla ardhi haijaganda, maana haziamki bila kupitia baridi yenye unyevu. Kama uwanja ni mdogo, kata maua mengi kabla mbegu hazijapukutika, uwabakizie chiriku machache. Na wenzangu wa New York, msiupande: huko umeorodheshwa kuwa mmea vamizi na umepigwa marufuku.

Lakini Iowa ndiko asili ya mmea huu. Mbuga za nyasi ndefu zilizofunika jimbo hili zimelimwa, haikubaki hata asilimia 1, na hilo linaniuma. Ndiyo maana namhimiza kila mwenye ua hapa aupande. Mabua nayo usiyafyeke mapema. Yaache yasimame hadi baridi iishe, kwani nyuki wadogo hujihifadhi humo.

Wa kwangu umebaki dirishani. Nimepunguza mabua mawili ya katikati, mwanga unapenya, na chiriku hutua usawa wa macho yangu nikiosha vyombo.