Wadogo zangu wa ukalimani, mama wa watu hakuvuka mpaka wowote

Jumamosi iliyopita nilikaa kiti cha nyuma kabisa kwenye kikao chetu cha kina mama hapa Houston, nikamsikiliza mdogo wetu mmoja akikalimani. Sauti nzuri, Kiswahili kimenyooka. Mgeni alikuwa mama wa Puerto Rico, fundi wa kuchomelea vyuma, anasimulia alivyoingia kwenye kazi ya wanaume. Akasema kwa Kiingereza kwamba maisha yake yalibadilika siku alipopata "papers" zake. Mdogo wetu akatamka, bila kusita: "siku nilipopata makaratasi." Ukumbi mzima, kina mama wakimbizi wa Uvira na wa Fizi kule Kongo, wa kambi ya Nyarugusu Tanzania, wakaitikia "Mungu mkubwa!" na vigelegele juu.

Yule mama alikuwa anazungumzia cheti cha kuchomelea. Mtu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu anazaliwa. Sheria hiyo ni ya mwaka 1917. Hakuna siku aliyosubiri makaratasi ya uhamiaji kwenye foleni ya mtu.

Sikulala vizuri usiku ule. Si kwa sababu kosa lilikuwa kubwa, bali kwa sababu ni kosa langu mimi, la miaka mingi iliyopita, limevaa nguo mpya. Mnakuja wengi sasa, mna vyeti vya mafunzo ya saa arobaini, mnajua kanuni zote za hospitali na mahakama. Lakini vikao hivi, ambapo wanawake wa Kilatina wanaeleza kazi zao na makwao kwa kina mama wetu waliofika juzi, vina mitego yake. Kaeni hapa niwaambie.

1. Mpigie mgeni simu siku moja kabla. Muulize maneno matatu tu: kazi yake inaitwaje, kwao panaitwaje, na neno gani la kwao atalitumia bila kulitafsiri.

Hilo la tatu ndilo muhimu. Nimewahi kumkalimani muuguzi mmoja aliyesema bibi yake alikuwa "curandera" na ndiye aliyempa moyo wa kutibu watu. Nikasema bibi yake alikuwa mganga. Kwangu mimi wa Mombasa, mganga ni mganga. Kwa kina mama wa Kongo, munganga ni daktari wa hospitali. Wakapiga makofi: familia ya madaktari! Muuguzi wa watu akabaki anashangaa makofi ya nini, maana alikuwa anaeleza majani na mayai na sala. Semeni "mganga wa mitishamba" na mambo yaishe. Na akisema "comadre", msiseme rafiki. Ni mama wa ubatizo wa mtoto wako, au mama wa mtoto uliyemsimamia wewe, na katika simulizi hizi karibu kila mtu kaingizwa kazini na comadre wake. Mkimgeuza kuwa rafiki, mnavunja daraja lote la hadithi.

2. Wageni wengi wa Kihispania wana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama. La mwisho si la kufupishia mtu. Ulizeni anaitwaje mbele za watu.

3. Nafsi ya kwanza, daima. Akisema "nililia", nawe sema "nililia". Hili mnalijua, nalirudia kwa sababu Jumamosi nilisikia "anasema alilia" mara nne.

4. Msimimine maisha ya mtu kwenye kibuyu cha maisha yetu.

Hapa ndipo nataka kukaa.

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii tulimpata mgeni niliyemtamani kwa muda mrefu. Tulimwita Doña, ambayo kwao ni heshima, kama sisi tunavyosema Bi. Alikuwa muuguzi mstaafu, miaka 31 wodini, mzaliwa wa bonde la Río Grande kusini kabisa mwa Texas. Mwanamke mfupi, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja, viatu vimeng'aa. Alikuja na picha ya darasa lake la uuguzi kwenye bahasha.

Akaanza kwa Kiingereza: "We were migrants." Nikasema: "Tulikuwa wahamiaji."

Sikusita hata kidogo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, maana ndilo neno la kila siku la kazi yetu. Lakini kule bondeni "migrants" ina maana yake. Ni vibarua wa mashamba wanaofuata mavuno ndani ya nchi hii hii. Enzi za utoto wa Doña familia ilikuwa inafunga nyumba mwezi wa nne, kabla shule hazijafungwa, inakwenda kuchuma pamba magharibi mwa Texas au kupalilia viazisukari na kuchuma cheri huko Michigan, inarudi mwezi wa kumi shule zimekwisha kufunguliwa. Watoto waliishi na matobo kwenye masomo pande zote mbili za mwaka. Hiyo ndiyo hadithi aliyokuja kuisimulia Doña: jinsi mtoto mwenye matobo hayo, aliyechapwa kwa kuongea Kihispania shuleni, alivyofika kuvaa sare nyeupe. Kina mama waliosoma Kenya na kuvalishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani wangeielewa kabla hajaimaliza. Niliwanyima.

Kwa sababu baada ya "wahamiaji", kila kitu kiliingia kwenye shimo hilo. Mama mmoja wa Fizi akainua mkono akauliza kwa upole mkubwa: "Mama, mlivuka usiku au mchana?" Nikahisi kitu hakijakaa sawa. Badala ya kulipeleka swali kama lilivyo, nikalilainisha. Nikamwambia Doña: anauliza safari ilikuwaje. Hilo likawa kosa la pili.

Doña akafurahi kuulizwa. Akaeleza lori: familia tano nyuma, watoto wamelala chini ya turubai, dereva anaendesha usiku kukwepa jua, siku tatu hadi Michigan. Nami nikakalimani yote, kwa ufasaha wote. Usiku. Chini ya turubai. Siku tatu. Kina mama wakaanza kufuta machozi. Mama wa Fizi akasimama akasema: "Pole dada. Na sisi tulivuka ziwa usiku, boti haina taa, tukikwepa askari kama nyinyi."

Hilo nililipeleka kama lilivyo. Doña akanitazama. "Kama sisi? Askari gani? Nani alivuka?"

Kimya kikaingia. Nikamweleza kwa sauti ya chini walichodhani. Hakupandisha sauti. Alisema babu ya babu yake amezikwa upande huu wa mto tangu kabla Texas haijawa Marekani. Akasema usemi ambao kule kwao hata watoto wanaujua: sisi hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka. Na kweli, Texas ilikuwa Mexico hadi 1836, Marekani ikaichukua 1845, vikapiganwa vita, na mkataba wa 1848 ndio ulioufanya ule mto kuwa mpaka. Watu hawakuhama kitanda. Nchi ndiyo iliyohama juu yao. Kisha akasema: "Miaka 31 wagonjwa wameniuliza natoka wapi hasa. Nilidhani hapa ni mahali ambapo sitaulizwa."

Sasa sikilizeni kosa la tatu, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuyakalimani maneno hayo. Niliona aibu. Kina mama sitini wananitazama midomo, wanangoja, na mimi nikawaambia: "Doña amechoka, tumshukuru." Akarudisha picha yake kwenye bahasha. Hakuwahi kuitoa.

Wiki mbili baadaye mama wa Fizi akanijia mlangoni na sufuria ya wali aliyoirudisha, akaniambia wenzake wamekaa wakakubaliana kwamba yule bibi aliwadharau kwa kuwa ni wakimbizi, hakutaka kufananishwa nao. Kumbe nilikuwa nimewaumiza pande zote mbili. Mmoja alienda nyumbani akijua ameitwa mgeni kwao, wengine wakaenda wakijua wametupwa. Na katikati ya wote alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua lugha zote mbili, na mtu huyo alinyamaza.

Ingenichukua sekunde kumi. Unainua mkono, unasema kwa pande zote mbili: "Mkalimani anaomba kusahihisha kosa lake." Unataja neno, unatoa neno sahihi, mnaendelea. Hakuna mtu aliyewahi kufukuzwa kwa sentensi hiyo. Jumamosi nilimtazama mdogo wetu, nikamwona usoni kwamba alishtuka vigelegele vilipopigwa. Alijua! Akaendelea mbele. Mpenzi wangu, ukishtuka, simama.

Kwa Doña nilikwenda mwenyewe, mwendo wa saa tano barabarani. Sikwenda na maelezo, nilikwenda na pole. Alinikaribisha kahawa. Ilimchukua mwaka na nusu kukubali kurudi, na alirudi kwa masharti yake: atazungumza Kihispania, lugha aliyochapiwa, na wakalimani tuwe wawili, wa kwanza apeleke Kiingereza, mimi nipokee nipeleke Kiswahili. Ukalimani wa kupokezana unachosha, mnajua. Siku hiyo sikuchoka. Alikuja na ramani ya Marekani aliyoichora kwa kalamu nyekundu, shamba kwa shamba. Nikasema: "Tulikuwa vibarua wa kufuata mavuno." Mama wa Fizi, yule yule, akacheka kwa sauti. "Aa! Basi sema hivyo!" Mama yake mzazi alikuwa anafuata mavuno ya karanga, msimu kwa msimu, na yeye mgongoni.

5. Msidhani kila mama wa Kilatina lugha yake ni Kihispania. Mbrazili anasema Kireno. Na mama wa milima ya Guatemala anaweza kuwa anasema Kimam au Kik'iche', Kihispania kakijulia ukubwani, anaitikia "sí" kwa adabu tu. Sisi hili tulipaswa kulijua kuliko wote, maana ni sisi tunaoitwa kumkalimani Mbembe au Mnyamulenge wa Kongo, mwenye lugha yake, kwa Kiswahili cha Mombasa halafu tunasema ameelewa.

6. Wakitaja mtu maarufu, mwombeni mgeni amweleze mwenyewe. Wahandisi wa hapa humtaja Ellen Ochoa, mwanamke wa kwanza wa Kilatina kwenda anga za juu, mwaka 1993, ambaye baadaye alikuja kukiongoza kituo cha wanaanga hapa hapa Houston. Waliotoka mashambani humtaja Dolores Huerta, mwanzilishi mwenza wa chama cha wafanyakazi wa mashamba mwaka 1962. Usemi wake "sí, se puede" ni "ndiyo, inawezekana". Na "échale ganas" ni "jikaze", tafadhali, si "weka hamu".

7. Kuna maneno ambayo mkiyapatia, kazi yenu imekwisha, kaeni mtazame. Kwangu lilikuwa "tanda". Mama mmoja wa Puebla, Mexico, aliyekuwa akisafisha ofisi usiku, alieleza alivyopata mtaji wa kuuza tamales, vile vyakula vya unga wa mahindi vinavyofungwa kwenye maganda: wanawake kumi, kila wiki kila mmoja anatoa kiasi kile kile, mmoja anabeba chote, zamu inazunguka. Alianza kueleza taratibu, kama mtu anayeeleza jambo geni. Nikasema neno moja: "Upatu." Wa Dar wakasema mchezo. Wa Nairobi wakasema chama. Wa Kongo wakapiga kelele likelemba! Mama wa Puebla akashtuka, akauliza wanafurahia nini. Nikamwambia. Akaweka kipaza sauti mezani, akauliza swali moja tu: kwenu, anayebeba zamu ya kwanza akikimbia, mnafanyaje?

Kikao kile kilipitiliza kwa muda wa saa mbili. Mpango mzima wa siku uliharibika. Akarudi mwezi wa kumi na mbili na unga wa mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa na maganda ya mahindi ya kufungia, akatufundisha tamales, na kina mama wetu wakamfundisha kusonga ugali kwa mahindi ambayo asili yake ni kwao.

Jumamosi ijayo mgeni ni dereva wa lori kubwa, mzaliwa wa El Salvador. Nimekwisha kumpigia. Anasema atatumia neno "mija" kila baada ya sentensi mbili. Ni "mwanangu", msilitafsiri kila mara. Kikao kinaanza saa nne, wakalimani mfike saa tatu. Kalamu mbili, daftari, maji. Na wewe mdogo wangu wa Jumamosi, njoo mapema zaidi. Mama wa Puerto Rico amekubali kupiga simu saa mbili na nusu, nimemwambia una jambo unataka kusahihisha.