Nimeokoka: je, nilipe ujira niliowapunja vibarua?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Kabla sijaokoka nilikuwa nawapunja vibarua wangu ujira. Nimetubu, na nikatoa sadaka kubwa kanisani kwa ajili hiyo. Je, bado nadaiwa? Wengine sijui walipo, na mmoja amefariki.

JIBU: Amina, mpendwa. Ndiyo, bado unadaiwa. Dhambi umesamehewa bure kwa damu ya Kristo, wala hakuna malipo yatakayoongeza kitu kwenye msamaha huo. Lakini ujira ni mali ya watu, nao hawajaupata. Sadaka uliyotoa haikulipa deni hilo, kwa sababu ilikwenda kwa asiyekudai. Kosa hili ni la kawaida mno makanisani, na linaniumiza: aliyedhulumiwa anabaki na njaa yake huku aliyemdhulumu akishangiliwa madhabahuni. Bwana aliagiza kinyume chake katika Mathayo 5:23-24: acha sadaka yako, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako. Na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele.

Kiasi gani? Torati inatofautisha. Mwizi aliyekamatwa na mnyama akiwa hai alilipa mara mbili. Akiwa amekwisha kumchinja au kumuuza, kondoo wanne kwa mmoja, ng'ombe watano kwa mmoja (Kutoka 22:1-4). Ila aliyeungama mwenyewe alirudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6:1-5, Hesabu 5:6-7). Kwa hiyo ukizuia 100, unarudisha 120. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakusubiri kukamatwa, lakini alijipimia mara nne, tena baada ya kumgawia maskini nusu ya mali yake (Luka 19:8).

Sisi hatuko chini ya sheria hiyo, hivyo sitakulazimisha hesabu yake. Hata hivyo nakushauri usishuke chini ya hiyo sehemu ya tano. Fedha iliyokaa miaka mingi imepungua thamani, na mwenzako alikosa kuitumia siku alipoihitaji. Kumbukumbu la Torati 24:15 ilitaka kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumaini ujira huo.

Kaa na daftari. Andika jina la kila mmoja, siku alizofanya kazi, mliyopatana na ulichompa. Usipokumbuka vizuri, kisia kwa faida yake, si yako. Mshirikishe mwenzi wako wa ndoa mapema, maana fedha hiyo itatoka nyumbani kwenu nyote. Kama huwezi kulipa yote kwa mkupuo, anza na aliye na shida zaidi, mwambie kila mmoja jumla ya deni lake na tarehe za awamu, ukizishika.

Aliyefariki, wape warithi wake halali, kama vile mjane na watoto, si jamaa yeyote anayejitokeza. Usiowajua walipo, watafute kwanza kwa bidii kupitia waliofanya kazi nao. Ukishindwa kabisa, na hakuna hata ndugu wa kupokea, Hesabu 5:8 inaelekeza malipo kwa Bwana, kupitia kuhani. Hapo ndipo sadaka ina nafasi yake. Mimi ningeielekeza kwa maskini, nikiweka kumbukumbu ili mwenyewe akitokea kesho nimlipe.

Siku ya kumkabidhi, usiseme "nimekuletea zawadi." Sema wazi: "Huu ni ujira wako niliouzuia, nilikukosea." Nenda bila kamera, wala usiutolee ushuhuda kanisani kabla hujamaliza kulipa. Halafu usimbane akusamehe papo hapo kana kwamba ndiyo risiti yako. Omba msamaha, umwachie nafasi. Hata akikufukuza kwa hasira, fedha ni yake, umwachie.