Kwa wachambuzi wapya: nchi ikijitoa, fuateni faili

Wiki iliyopita nilikaa na rasimu nne za vijana walioingia ofisini kwetu hapa Kisumu mwanzoni mwa mwaka, wote wakijibu swali moja: nchi inayojitoa katika muungano wa kisiasa inapoteza nini, na inapata nini, katika usalama na diplomasia yake? Rasimu mbili zilidai kwamba Uingereza imebaki uchi tangu itoke Umoja wa Ulaya. Ya tatu ilisema hakuna kilichobadilika kwa kuwa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, ingalipo. Ya nne ilitangaza, kwa ujasiri ambao kwa kweli niliupenda, kwamba NATO ni jeshi la Umoja wa Ulaya. Tatu kati yake zilifungua kwa "umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu", na hilo naomba lisirudiwe. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu ile ya tatu niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, na nikaisoma mbele ya watu.

1. Tenganisheni vyombo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Uingereza imo NATO tangu 1949, na kiti chake cha kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ni cha 1945, ilhali katika Jumuiya ya Ulaya, iliyotangulia Umoja wa Ulaya, iliingia 1973 tu. Kwa hiyo kutoka Umoja wa Ulaya hakukuigusa NATO wala kiti hicho. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ni ya Baraza la Ulaya, si ya Umoja wa Ulaya, na Uingereza bado imo. Mkataba wa Umoja wenyewe, katika kifungu cha 4, unasema usalama wa taifa ni jukumu la kila nchi mwanachama peke yake. Orodha hiyo ikikamilika, kazi ndiyo kwanza inaanza.

2. Msiishie kwenye vyombo vikubwa; fuateni faili, yaani karatasi na taarifa za kazi ya kila siku. Hapa nitachukua nafasi, mnivumilie.

Mwaka 2017 nilikuwa mgeni kazini kama nyinyi. Nilipewa kuandaa mada ya kikao cha nusu siku hapa mjini, Ijumaa tarehe 23 Juni, mwaka mmoja kamili tangu Waingereza wapige kura ya kutoka kwa asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Niliandika kurasa kumi na mbili. Hoja yangu ilikuwa kwamba usalama ni wa NATO, diplomasia ni ya kiti cha kudumu, na kitakachobadilika ni ushuru wa forodha. Katika ukurasa wa tisa nilitoa mfano: Mauritius ilikuwa ikiliomba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lipeleke suala la visiwa vya Chagos, ambavyo Uingereza ilikuwa ikivitawala na Mauritius ikividai, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, nami nikaandika kwamba mataifa makubwa ya Ulaya yangesimama na Uingereza kama kawaida yao, hivyo Mauritius ingehangaika kupata kura. Nakala arobaini zilichapishwa Jumatano.

Kura ilipigwa Alhamisi kule New York. Mimi jioni hiyo nilikuwa napiga shati pasi. Ijumaa asubuhi, wahudumu wakipanga vikombe, mwenzangu akanionyesha simu yake: nchi 94 zimeunga mkono, 15 zimepinga, 65 hazikuegemea upande wowote, na Ufaransa na Ujerumani zimo katika hizo 65. Nakala arobaini zilikuwa tayari mezani, kila moja na kalamu juu yake. Nakiri kwamba nilianza kuchana ukurasa wa tisa. Nilikuwa nimechana tatu watu walipoanza kuingia, na swali la kwanza la kikao, kutoka kwa mama mmoja aliyestaafu uhamiaji, lilikuwa: "Mwanangu, ukurasa wa tisa uko wapi?"

Kosa la pili lilifuata papo hapo, nalo lilikuwa baya zaidi. Kwa kutaka kujiokoa, nilisimama nikasema kura ile inathibitisha kwamba kujitoa kumeimaliza diplomasia ya Uingereza. Mhadhiri mmoja akaniuliza kwa upole ikiwa Uingereza imekwisha kutoka. Haikuwa imetoka. Ilikuwa imetoa notisi tu, tarehe 29 Machi, na ingebaki mwanachama hadi 31 Januari 2020. Zaidi ya hayo, kura za Afrika zilitokana na suala la ukoloni, ambalo lilikuwapo miaka mingi kabla ya kura ya maoni yoyote. Nilichoweza kusema kwa haki ni kidogo, lakini kina uzito: marafiki waliozoea kufunga safu pamoja nawe, ukishawaambia unaondoka, hawaoni tena sababu ya kujigharimu kwa ajili yako, na gharama hiyo huanza kulipwa kabla hujatoka mlangoni. Novemba mwaka huohuo Uingereza ilimwondoa mgombea wake katika kinyang'anyiro cha majaji wa Mahakama ileile, ikakosa jaji humo kwa mara ya kwanza tangu 1946. Hilo nalo msilitundike lote kwenye kujitoa. Liwekeni mezani pamoja na mengine, kwa uzito wake.

Aliyenimaliza, na kunifundisha, ni mzee aliyekuwa amekaa nyuma kabisa. Alifanya kazi katika bandari ya Kisumu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, meli zilipokuwa chini ya shirika moja. Akaniuliza: "Nyathina, polisi wa London akimtaka mtu aliyekimbilia Ujerumani, leo anatumia karatasi gani? Na wakishatoka, atatumia ipi?" Sikujua. Wakati wa chai alichukua mojawapo ya zile kurasa za tisa nilizochana, akaigeuza, akachora ziwa kama kiazi na vitone vitatu: Kisumu, Port Bell, Mwanza. Alinieleza kwamba kabla ya 1977, mwenye swali kuhusu shehena au mtu aliyekuwa Mwanza alimpigia mfanyakazi mwenzake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, meli ziligawanyika, Victoria ikaishia Tanzania na Uhuru ikabaki Kenya, mpaka wetu na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na swali lilelile likawa la kupandishwa Nairobi, livuke kwa barua hadi Dar es Salaam, kisha lishuke tena ziwani. "Mtu wa Mwanza hakuhama," akasema. "Ni simu iliyohama."

Karatasi ile ninayo hadi leo. Jibu la swali lake ndilo lililopaswa kuwa mada yangu. Hati ya kukamatwa ya Ulaya ilikuwa ikipita kutoka mahakama hadi mahakama bila kupitia mawaziri. Uingereza ilipotoka tu, Ujerumani, Austria na Slovenia zilisema hazitamkabidhi raia wao. Tangu 2021 uko utaratibu mbadala ndani ya mkataba wa biashara na ushirikiano, lakini unaruhusu nchi kukataa kukabidhi raia wake. Hifadhidata ya Schengen (eneo la Ulaya lisilo na ukaguzi katika mipaka ya ndani) ya watu na mali zinazotafutwa, ambayo polisi wa Uingereza waliipekua mamia ya mamilioni ya mara kwa mwaka, ilifungwa kwao 2020 ilipokwisha. Hilo halikuhitaji kuhamisha mwanajeshi wala kufukuza balozi, na bado askari wa doria alijua machache kuliko jana yake.

3. Tafuteni mfano ulio karibu nasi. Operesheni Atalanta ya Umoja wa Ulaya ya kupambana na maharamia nje ya Somalia, ambayo baadhi ya watuhumiwa wake walishtakiwa Mombasa, iliongozwa kutoka Northwood, Uingereza, tangu 2008. Mwaka 2019 makao yake makuu yalihamishiwa Rota, Hispania. Manowari ziliendelea na doria. Kiti cha mwenye kuongoza meza ndicho kilichoondoka.

4. Andikeni tarehe tatu: ya notisi, ya kutoka, na ya mwisho wa mpito, yaani kipindi cha baada ya kutoka ambapo kanuni za zamani bado zinatumika.

5. Faida pia ni sehemu ya hesabu, na hapa wengi wenu huona aibu isiyo na sababu. Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza kujitoa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, tarehe 28 Januari 2024 na kutoka rasmi mwaka mmoja baadaye, na huwezi kuelewa hatua hiyo ukisahau kwamba baada ya mapinduzi ya Niger ya Julai 2023 jumuiya hiyo ilitishia kutumia nguvu za kijeshi. Kwa watawala wale, muungano wenyewe ulikuwa umegeuka tishio, na miezi michache kabla ya notisi walikuwa wamekwisha kuunda ushirika wao wa ulinzi. Iwapo raia wao wako salama zaidi ni swali jingine, lisijibiwe kwa tamko la serikali. Kwa upande wa Uingereza, AUKUS ya 2021, makubaliano ya ulinzi kati ya Australia, Uingereza na Marekani, hutajwa sana kama tunda la kujitoa. Jiulizeni ni sheria gani ya Ulaya ingeizuia. Mimi sijaiona.

6. Mlango hufunguliwa tena, ila si ule uliofungwa. Tarehe 19 Mei 2025 Uingereza na Umoja wa Ulaya zilitia saini ushirikiano wa usalama na ulinzi, lakini haukuirudisha Uingereza katika ile hifadhidata.

7. Atakayeulizwa kuhusu Kenya asome kwanza kifungu cha 145 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: kujitoa kunataka kura za theluthi mbili ya wabunge wote, na notisi ya miezi kumi na miwili. Kisha aende Busia, asimame asubuhi moja katika kituo cha pamoja cha mpakani ambapo maafisa wa Kenya na Uganda wako chini ya paa moja, na aandike ni nani anamuuliza nani nini bila kupiga simu Nairobi wala Kampala. Nauli ataomba kwangu.

Rasimu nimezirudisha mezani kwenu. Tatu zina alama za kurekebisha. Ile ya jeshi la Umoja wa Ulaya ianzwe upya. Nazisubiri Jumatatu, na ukurasa wa tisa usichapishwe kabla ya kusoma habari za asubuhi hiyo.