Vijana Wanaojitolea Mtaani: Namna ya Kuwapata na Kuishi Nao

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanza aliniandikia akiuliza kwa nini vijana wanaojitolea katika kituo chake cha masomo ya jioni hawamalizi hata miezi miwili, ilhali kila anapotangaza nafasi hujitokeza wengi. Nilimjibu faraghani, lakini jambo hilo linatugusa wote tunaoendesha vituo vya watoto na vijana mitaani, na nimeona si vema kulificha.

Kituo chetu kipo Mbagala, wilayani Temeke. Siku za wiki tunawapokea watoto wa shule za msingi kwa hesabu na kusoma, na Jumamosi ni mpira. Hatuna mwajiriwa hata mmoja. Kila anayeshika chaki pale anajitolea, na wapo walioanza nasi wakiwa wanachuo ambao leo wana kazi na familia na bado wanakuja. Nalisema kwa fahari, kwa sababu wapo waliotuambia kwamba bila posho hatungemaliza mwaka.

Kuwapata kunahitaji kuijua kalenda ya shule kuliko kupiga matangazo. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba hukaa nyumbani hadi kidato cha tano kinapofunguliwa mwezi Julai, na huyo ndiye anayeweza kukaa na kundi moja la watoto kwa muda wa kutosha. Wa kidato cha sita humaliza Mei na kusubiri chuo hadi Oktoba au Novemba, lakini wengi wao huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, kwa hiyo usimpangie zamu kabla majina hayajatoka.

Kwa mabinti, nenda nyumbani kwao. Mama mmoja alinisikiliza nikieleza malengo yote ya kituo, kisha akauliza jambo moja tu: “Mwalimu, anarudi saa ngapi, na anarudi na nani?” Tangu siku hiyo vipindi vyetu hufungwa kabla ya magharibi, na mabinti wanaokaa upande mmoja hupangiwa zamu moja ili waondoke pamoja. Mzazi akiridhika, binti hudumu. Asiporidhika, hata awe na moyo kiasi gani, atazuiwa.

Pia usimpokee mtu kwa sababu tu ana moyo wa kusaidia. Sisi tunadai barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa pamoja na wadhamini wawili, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto ndani ya chumba. Kila mgeni tunamsomea wajibu uliomo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa. Anayeudhika kwa kuulizwa hayo, mwache aende.

Kuwatunza ndiko kazi ilipo. Juu ya meza yetu kuna daftari la kaunta lenye safu za jina, saa ya kufika, somo alilofundisha, nauli na sahihi. Nauli hulipwa siku ileile kabla mtu hajaondoka, hata siku ambayo sanduku lina sarafu tupu, kwa maana kijana asiye na kipato hawezi kukikopesha nauli ya daladala kituo anachokisaidia bure. Na kila mmoja hukabidhiwa watoto wake kwa majina. Niliwahi kutembelea kituo kimoja nikamkuta kijana amekaa kwenye benchi tangu saa tisa alasiri akiwa na chaki mkononi, wala hakuna aliyemwambia aingie darasa gani. Kijana wa namna hiyo harudi, na watu watasema vijana wa siku hizi hawana moyo.

Jambo moja linaniuma mpaka leo. Shirika moja lenye fedha lilikuja mtaani, likawachukua vijana wetu hodari kwa posho ya mradi wa muda mfupi, bila hata kubisha hodi kituoni. Mradi ulipokwisha hawakupigiwa simu tena, na baadhi yao waliona haya kurudi kwetu. Enyi wenye mifuko mizito, zungumzeni kwanza na vituo mnavyovikuta. Watoto waliokuwa wakifundishwa na vijana hao walibaki bila mwalimu katikati ya muhula.

Mwisho ni barua. Tarehe 5 Desemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kwa ajili ya wanaojitolea, sisi huwakabidhi vijana barua zao mbele ya wazazi. Hatuandiki “alishiriki shughuli za kituo”. Tunafungua daftari na kuandika somo alilofundisha, darasa lake na miezi aliyokaa, kwa sababu mwajiri atamwuliza uzoefu. Anayehama kabla ya Desemba mwandikie yake siku anayoaga, wala usimngoje aiombe.