Profesa mwenye makala chache anafaa kukusimamia uzamivu wa hisabati?

Mkuu, umeuliza kama umkatae profesa uliyepangiwa kwa sababu wasifu wake una makala chache, jina lake huwa la mwisho kwenye nyingi, na tena anafundisha mwaka wa kwanza. Nafundisha hisabati chuo kikuu, utafiti wangu ni wa nadharia ya namba. Kwa hayo matatu peke yake nisingemkataa.

La jina ni jepesi. Kwenye biolojia au tiba, mpangilio wa majina hueleza nani kafanya kazi kubwa na nani mkuu wa maabara. Kwetu hupangwa kwa alfabeti, basi. Jina la ukoo likianza na Z utakuwa mkiani maisha yako yote, hata kama wazo zima lilikuwa lako.

Uchache wa makala ndio wenye maneno. Kwenye hisabati ama umethibitisha ama hujathibitisha. Kukaribia hakuna jarida linalokuchapishia. Mwanahisabati Andrew Wiles alijichimbia miaka kama saba kwenye dai la Fermat, mwanahisabati wa karne ya 17, lililokuwa limekaa zaidi ya miaka 350 bila uthibitisho. Akatangaza mwaka 1993, wahakiki wakakuta pengo, na mwaka uliofuata ndipo likazibwa kwa msaada wa Richard Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Au mchukue Yitang Zhang, naye mwanahisabati. Mwaka 2013, akiwa mhadhiri tu University of New Hampshire na ameshapita miaka 50, alithibitisha kwamba kuna jozi zisizo na mwisho za namba tasa zinazotofautiana kwa chini ya 70,000,000. Wanahisabati wengine wakaishusha tofauti hiyo hadi 246. Kabla ya hapo makala zake zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Na hata ukimaliza kazi, mhakiki anaisoma mstari kwa mstari. Kusubiri jibu mwaka mzima au zaidi ni kawaida.

Sasa hili la kufundisha, hapo nakupinga kabisa. Kila nikifundisha uthibitisho wa Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale, kwamba namba tasa hazina mwisho (zidisha namba tasa ulizonazo zote, kisha ongeza 1), hakosi mwanafunzi wa kusema jibu lenyewe lazima liwe namba tasa. Darasa huafiki, na si bure: 2×3+1 ni 7, ukiingiza 5 unapata 31, ukiingiza 7 unapata 211, ukiingiza 11 unapata 2,311. Zote tasa. Sibishani naye, nampa chaki aingize na 13. Inatoka 30,031. Hapo wanaanza kugawanya, wengine wanakata tamaa njiani, mpaka mmoja afike 59 na kupiga kelele: 59×509! Ndipo wanasoma upya uthibitisho unadai nini hasa: hiyo namba inagawanyika kwa namba tasa ambayo haikuwemo kwenye orodha yako, si kwamba yenyewe ni tasa. Anayezoea kunusa makosa ya namna hiyo darasani ndiye utakayemtaka asome rasimu ya tasnifu yako.

Maeneo ya utafiti yaliyoorodheshwa kwenye wasifu usiyatilie maanani sana, mengi huandikwa mara moja na kusahaulika. Soma muhtasari wa makala zake mbili tatu za karibuni.

Mimi ningechunguza wanafunzi wake. Tovuti ya Mathematics Genealogy Project, inayoorodhesha wanahisabati na wasimamizi wao, itakuonyesha waliohitimu chini yake, ila walioishia njiani hawamo humo, hao itabidi uwaulizie. Uliza swali la kwanza la utafiti alitoa yeye au aliwaacha walitafute wenyewe. Uliza mtu akikwama miezi kadhaa, profesa husimama naye ubaoni au humwambia "endelea kufikiri". Ukisikia hata mwanafunzi wa pili akisema rasimu zinamkalia profesa muhula mzima bila kusomwa, omba kubadilishiwa mapema, hata awe na makala mia.