Maswali kwa fundi: flashi za steshenari, kreki, na antivirasi tatu kwenye laptopi moja

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na hukumu tayari: "Fundi, mashine ina virusi." Wengine ni kweli. Wengine wana vumbi. Majina nimeyaacha, na maswali yanayofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari Mbagala. Wateja wanalalamika kwamba wakichomeka flashi kwangu, wakifika nyumbani folda zote zimegeuka shotikati. Antivirasi ninayo, tena ya kulipia. Wiki iliyopita mwanachuo alinililia hapa dukani, ripoti yake ya utafiti imefutika. Nifanyeje?

JIBU: Mwambie anyamaze, ripoti ipo. Na mtu yeyote asiiformati hiyo flashi.

Kirusi hiki ni cha zamani na ujanja wake ni mdogo. Kinazificha folda zako kwa kuzipa alama ya faili za mfumo, kisha kinaweka shotikati, yaani njia za mkato, zenye majina yale yale. Ukibofya "RIPOTI", shotikati inakiamsha kirusi kwanza, halafu inakufungulia folda yenyewe ili usishtuke. Ndiyo maana watu hukaa nacho miezi. Ukitaka kuhakikisha, bofya kulia kwenye flashi, ingia Properties, utazame nafasi iliyotumika. Kama ilikuwa na GB 3 za kazi, utaziona GB 3 zile zile.

Anza na kompyuta, maana kiota kiko huko. Ukisafisha flashi ukairudisha kwenye mashine ile ile, umefua shuka na kuianika chini. Chomoa flashi zote, kisha tumia ile skani ya Microsoft Defender, antivirasi iliyomo ndani ya Windows, inayoitwa Offline: inazima mashine na kusaka kabla Windows haijaamka, kazi ya kama robo saa. Ikirudi, fungua Task Manager, orodha ya programu zinazokimbia. Ukiona wscript.exe, ile inayoendesha faili za .vbs na .js, inakimbia na wewe hujafungua kitu, kuna uwezekano mkubwa bado kimo. Pitia na orodha ya Startup, ya programu zinazoamka pamoja na mashine, usiyemjua mzime.

Sasa flashi. Ichomeke, usiifungue kwa kubofya. Tazama imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika hivi hivi, na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, usubiri. Alama ya kutoa ndiyo inayovua: h ni kufichwa, r ni kusomwa tu, s ni ufaili wa mfumo. Folda zitajitokeza, kila moja pembeni ya pacha wake wa uongo. Mara nyingine zote zimo ndani ya folda moja isiyo na jina, ifungue. Nakili kazi tu, yaani hati za Word, PDF na picha. Shotikati na chochote chenye mkia wa .vbs, .js au .exe kiache huko huko. Ukishanakili, hapo ndipo uiformati.

Kuhusu antivirasi ya kulipia, hebu ifungue uone ilisasishwa lini. Nimewahi kukuta leseni halali, risiti ipo, lakini mara ya mwisho kusasishwa ni miezi mitano nyuma kwa sababu mwenye duka aliinyima intaneti isimlie bando. Na kwa biashara yako tenga mashine moja ya kupokea flashi, isiyo na kitu chako cha siri, wewe mwenyewe ukiitumia kwa akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi. Wateja wengine watume kwa WhatsApp au barua pepe, wengi wameshazoea.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, Iringa. Laptopi yangu inachukua dakika kumi kuwaka. Niliweka antivirasi, haikusaidia, nikaongeza ya pili. Kijana wa hapa shuleni ameniwekea na ya tatu. Sasa hata kuandika mtihani ni shida.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umeajiri walinzi watatu kwenye geti moja, na kila faili likipita wote watatu wanalipekua mifuko. Wakati mwingine wanapekuana wenyewe kwa wenyewe.

Kuanzia Windows 8, Windows inakuja na antivirasi yake ndani, na ukiweka nyingine, ile ya ndani kwa kawaida inakaa pembeni. Toa zote tatu. Kila kampuni kubwa ina kifaa chake cha kuondolea, kinapatikana bure kwenye tovuti yake, kitumie maana kuondoa kwa kawaida huacha mabaki. Ukiwasha tena, Defender itashika zamu yenyewe.

Lakini mwalimu, dakika kumi za kuwaka sidhani ni kosa la antivirasi peke yake. Fungua Task Manager, tazama safu ya Disk. Ikiwa imekaa kwenye asilimia 100 muda mrefu na wewe hufanyi lolote, mashine yako pengine bado ina diski ya kuzunguka, na imechoka. Nakili kazi zako leo, usingoje wikendi. Kisha hela ya leseni ya antivirasi ya mwakani peleka kwenye SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Hakuna kitu ninachobadilisha mezani kwangu ambacho mteja hukisifia kama hicho.

SWALI: Kaka, nimekwisha. Napiga picha za harusi, Arusha. Nilishusha programu ya kuhariri picha, ya kreki, yaani iliyovunjwa leseni ili itumike bila kulipia. Maelekezo yalisema nizime antivirasi kwanza, nikazima. Asubuhi picha na video zote za wateja zina mkia wa herufi nne nisioujua na hazifunguki. Kila folda ina faili la _readme.txt, wanataka dola 980, nikiwahi ndani ya saa 72 ni 490. Nilipe?

JIBU: Pole sana kaka. Usilipe, na usipige Windows upya kabla hujasoma hadi chini.

Hiyo bei ya 980 kushuka 490, pamoja na jina la faili, inaonyesha mwizi ni familia ya virusi inayoitwa STOP, wengine huiita Djvu. Hawa hawahangaiki na mabenki. Wanavua watu wa kreki, na chambo ni programu hizo hizo ambazo sote tunajua bei yake halali inauma. Antivirasi yako pengine ilimwona mapema tu. Wewe ndiye uliyeiambia ikalale.

Kata intaneti. Nakili kila kilichofungwa, pamoja na hiyo _readme.txt, kwenye diski ya nje na uiweke kando. Sasa fungua _readme.txt, shuka hadi mwisho kwenye ID yako, ile namba ya utambulisho waliyokupa. Ikiishia na t1, kuna tumaini. Maana yake mashine ilishindwa kuifikia seva yao wakati wa wizi, ikatumia ufunguo wa akiba ambao watu wengi wamefungiwa nao huo huo. Kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 programu ya bure inayofungua faili za namna hiyo pale ufunguo unapokuwa umepatikana. Ikigoma leo, tunza faili, jaribu tena miezi ijayo. Pitia pia tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi na Europol pamoja na kampuni za usalama. ID isipoishia na t1, ufunguo ni wako peke yako, na wameushika wao.

Hapa ndipo upigapicha unapokusaidia. Djvu ina haraka, kwa hiyo hailifungi faili zima, inafunga takriban KB 150 za mwanzo tu. Kwa barua ya Word, hiyo ndiyo barua yote. Kwa video ya harusi ya GB 2, umekatwa kichwa lakini kiwiliwili kipo. Zipo programu za kurekebisha video ambazo unazipa video nzima iliyopigwa na kamera ile ile kwa mipangilio ile ile, zinaazima kichwa chake na kukipachika. Hazifanikiwi kila mara, ila kwa video zina nafasi nzuri.

Na kabla ya hayo yote, kadi za kamera ziko wapi? Kama ulizifuta lakini hujazipigia kazi nyingine, zitoe kwenye kamera sasa hivi. PhotoRec ni ya bure, haina sura ya kuvutia, dirisha jeusi na maandishi tu, lakini inavuta picha zilizofutwa moja moja. Majina yatakuwa yamepotea, utapata kina f0123456.jpg kwa mamia, na bibi harusi wa Jumamosi atachanganyika na wa Jumapili. Utakaa usiku mzima kuwatenganisha. Hakikisha tu unazihifadhi kwenye diski nyingine, usizirudishe kwenye kadi hiyo hiyo.

Jambo la mwisho, na wengi hulisahau: familia hii mara nyingi huja na mwizi wa nywila. Badilisha zote ukitumia simu, usitumie laptopi hiyo. Anza na barua pepe, kisha Instagram ya biashara. Ukishaokoa unachoweza, ndipo ufute diski yote na kuweka Windows safi.

SWALI: Kila nikiwasha kompyuta, pembeni chini inatokea "You have 5 viruses" na picha ya antivirasi maarufu. Nikifunga inarudi.

JIBU: Hayo ni matangazo. Siku moja, labda ukitafuta mpira wa kutazama bure, tovuti ilikuuliza ubofye Allow, ukabofya. Kwenye Chrome nenda Settings, kisha Privacy and security, Site settings, Notifications, ufute tovuti zote usizozijua. Usibofye tangazo lenyewe, na namba ya simu ikitokea usiipige.

SWALI: Fundi, mimi niko Mombasa. Nasikia hata hizi antivirasi na programu za kusafisha kompyuta zenyewe si za kuaminika. Ni kweli ama ni porojo?

JIBU: Si porojo, ndugu. Mwaka 2017 wadukuzi walipenya kwa watengenezaji wa CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, na toleo lao halali la Agosti, 5.33, likatoka na sumu ndani. Watu wapatao milioni 2.27 walilishusha kutoka mahali sahihi kabisa. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana Avast, kampuni ya antivirasi, ilipe dola milioni 16.5, kwa kuwa taarifa za tovuti wanazotembelea watumiaji wake ziliuzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot. Halafu 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, likaangusha kompyuta kama milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, ndege zikakwama, na hapo hakukuwa na mdukuzi yeyote.

Antivirasi inaingia hadi chumbani, kwa hiyo ikikosea inakosea pakubwa. Mimi nachukua moja, ile iliyokuja na Windows, na za kusafisha "rejista", yaani daftari la mipangilio ya Windows, siziweki kabisa. Sijawahi kuona mashine iliyopata nafuu kwazo, nimeona zilizoharibika.

SWALI: Laptopi inazima yenyewe baada ya nusu saa, zaidi mchana. Jirani anasema ni virusi vinavyokula betri. (Tandika)

JIBU: Jirani apumzike, hilo ni joto. Iguse kwa chini inapozima, utaondoa mkono haraka. Majuzi nilifungua moja ya namna hiyo. Feni ilikuwa inazunguka vizuri tu, lakini kati yake na zile pezi za shaba vumbi lilikuwa limejishona likawa kipande kama cha blanketi la kijivu, nikakitoa kizima kwa kibanio. Mwenyewe alikuwa anaitumia juu ya godoro.

Ukipuliza kwa blowa, zuia feni kwa kijiti isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu inaharibika. Mwambie fundi abadilishe na ile pasta ya prosesa, ya zamani huwa imekauka kama chokaa.

SWALI: Windows 10 yangu inaniambia muda umeisha. Mashine ni Core i5 ya kizazi cha sita, niliinunua mtumba na inafanya kazi vizuri. Niitupe?

JIBU: Usiitupe. Msaada wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft iliweka nyongeza ya masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, tazama kwenye Windows Update kama bado unaweza kujiandikisha.

Masasisho yana umuhimu kuliko antivirasi. WannaCry, kirusi kinachofunga faili na kudai fidia, ilipolipuka 12 Mei 2017, kiraka cha kuizuia kilikuwa kimeshatolewa tangu Machi. Walioumia wengi hawakuwa wamekiweka.

Kama kazi zako ni intaneti, barua na kuangalia filamu, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako, ichezee wiki moja kabla hujaamua. Kama unategemea programu za uhasibu za Windows, hapo itakusumbua.

SWALI: Na wewe mwenyewe fundi, unatumia antivirasi gani?

JIBU: Defender, na diski mbili za nje zenye nakala za kazi zangu. Moja iko hapa mezani, nyingine iko kwa dada yangu Mbezi. Kila mwisho wa mwezi nikienda kumsalimia nazibadilishana, na dada ameshazoea kuikuta nyuma ya sufuria.